Mwanga kwa bakteria wa salfa: kuwaotesha kwenye chupa ya tope, hatua kwa hatua

Swali linalorudi kila muhula ni hili: “Nimeweka taa kali kabisa, mbona wiki ya sita inaisha na chupa bado ni nyeusi tupu?” Chupa hiyo ya tope ilitarajiwa kuotesha madoa ya rangi ya bakteria wa salfa, na yasipotokea, mara nyingi kosa liko kwenye taa yenyewe. Taa nyeupe ya LED inayokufanya ufumbe macho haina karibu chochote cha ule mwanga ambao bakteria wa salfa wa zambarau wanaupenda zaidi. Balbu ya zamani ya nyuzi, ile ya manjano inayokula umeme na kuunguza vidole, inao tele.

Mwongozo huu umeandikwa kwa walimu wa baiolojia, wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na yeyote anayetaka kujaribu nyumbani, hasa walioko Mbeya, Iringa, Njombe na Makete, ambako baridi ya Juni na Julai huchelewesha mambo na lawama ikaangukia taa.

Nadharia kidogo tu

Mmea unapojitengenezea chakula kwa mwanga hutumia maji na kutoa oksijeni. Bakteria hawa nao hujitengenezea chakula kwa mwanga, ila hutumia haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai bovu, na mabaki yake ni salfa. Oksijeni hawaitaki. Salfaidi hutoka chini, kwenye tope lenye giza, na mwanga hutoka juu, kwa hiyo wao huishi pale viwili hivyo vinapokutana. Ziwa Nyasa ni mfano mzuri wa mahali ambapo havikutani: maji ya vilindini, kuanzia mita 250 hivi kwenda chini, hayana oksijeni na yana salfaidi, lakini mwanga hauyafikii.

Utakutana na makundi mawili. Bakteria wa zambarau huhifadhi punje za salfa ndani ya seli, na hufyonza zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 800 hadi 900, ambao jicho la binadamu halioni (infraredi ya karibu). Pia hufyonza kiasi cha bluu na kijani, nanomita 450 hadi 550, kwa kutumia karotenoidi, yaani rangi kama ile ya karoti. Bakteria wa kijani huitoa salfa nje ya seli, hufyonza zaidi nanomita 715 hadi 755, huvumilia salfaidi nyingi kuliko wenzao, na huridhika na mwanga hafifu sana. Hiyo yatosha. Tufanye kazi.

Andaa hivi kwanza

- Chupa 4 za plastiki angavu za lita 1.5, zote za aina moja. Mitungi ya kioo ni bora zaidi ukiipata.
- Tope jeusi linalonuka, lita 4, na maji ya mahali hapohapo, lita 3.
- Gazeti kuukuu.
- Jasi ya unga, ile ya mafundi wa dari.
- Maganda ya mayai 8, yaliyokaushwa na kutwangwa.
- Balbu ya nyuzi ya wati 60 na holda yake. Kama maduka ya umeme hayana, ulizia kwa wauza vifaa vya kulelea vifaranga. Halojeni nayo inafaa. Ile taa nyekundu ya vifaranga ya wati 250 iache, itapika chupa.
- Taa moja nyeupe ya LED, kwa kulinganisha.
- Foili ya jikoni, kipimajoto, rula, kalamu isiyofutika.
- Simu yenye programu ya kupima luksi (kipimo cha mwangaza unaofika mahali).

Kuhusu jasi: ukiikosa, chaki za shuleni zinaweza kufaa, maana nyingi hutengenezwa kwa jasi. Zipime kwanza. Dondoshea siki. Ikitoa povu, hiyo ni kalisi kaboneti, nayo haina salfa hata chembe. Itumie mahali pa maganda ya mayai. Isipotoa povu, kuna uwezekano mkubwa ni jasi. Watu wengi wameweka chaki isiyo sahihi, wakasubiri miezi miwili bure.

Kutengeneza chupa

1. Tafuta tope. Mabonde ya vinyungu (bustani za mabondeni), majaruba ya mpunga ya Mbarali au Kyela, na kingo za mabwawa ya samaki yaliyotuama yote yanafaa. Ondoa tabaka la juu la kahawia, chimba sentimita 5 hadi 10 mpaka ufike kwenye weusi. Ukilivunja tope na pua ikakunja, umefika. Vaa buti za mpira na glovu, kwa sababu maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho. Kandokando ya mito mikubwa, uliza wenyeji kuhusu mamba na viboko kabla hujashuka. Tope la Ziwa Rukwa liache kwa sasa. Maji yake ni ya magadi, na kipimo kilichoko hapa hakilifai.

2. Toa mawe, mizizi na konokono. Mzizi mmoja mnene ukioza ndani ya chupa hutoa gesi na kupasua matabaka.

3. Kwa kila chupa, chukua mililita 600 za tope, gramu 10 za gazeti lililochanwa vipande vidogo (kurasa mbili hivi za gazeti dogo), kijiko kimoja cha chakula cha jasi, na maganda ya mayai mawili. Ongeza maji kidogo, koroga mpaka uwe kama uji mzito. Changanya tope lote la chupa nne kwenye ndoo moja, kisha ligawe. Ukitengeneza kila chupa kivyake, tofauti utakazoziona baadaye zinaweza kuwa za tope na wala si za mwanga.

4. Kata shingo ya chupa, mimina mchanganyiko, gongagonga chini ili mapovu yatoke. Juu yake weka sentimita 5 za tope tupu lisilo na gazeti. Kisha mimina maji taratibu juu ya kijiko ili usichimbe tope, ukiacha sentimita 4 za hewa juu. Funika kwa plastiki laini na mpira wa kufungia, utoboe tundu moja la sindano. Usifunge kwa nguvu, gesi itatafuta njia yake.

5. Ziweke zote gizani kwa siku 7. Hatua hii hurukwa na wengi kwa pupa. Siku hizo ndizo bakteria wengine huigeuza salfeti iliyomo kwenye jasi kuwa salfaidi. Ukiwasha taa siku ya kwanza, mwani hukimbilia juu, hutoa oksijeni, na wageni wako hukuta nyumba imeshatekwa. Baada ya wiki tope linapaswa kuwa jeusi kuliko mwanzo na linuke zaidi.

Hapa kuna onyo. Haidrojeni salfaidi ni sumu, na pua huizoea: ikizidi, huisikii tena. Kufungua na kukoroga kufanyike nje au penye madirisha wazi. Usiweke chupa hizi chumba cha kulala.

Kupanga mwanga

6. Tafuta boksi kubwa la katoni, liweke kwenye meza isiyopigwa jua. Balbu iwe upande mmoja, kwa kimo cha tope, na isikaribie katoni kwa chini ya sentimita 15. Balbu ya wati 60 hutoa lumeni 700 hivi (jumla ya mwanga wake pande zote), na bila foili ya kuakisi utapata takriban:

- sentimita 20: luksi 1,400
- sentimita 30: luksi 600
- sentimita 60: luksi 150
- sentimita 90: luksi 70

Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga hushuka hadi robo. Wengi hudhani hushuka hadi nusu, wakaisogeza chupa kidogo na kushangaa mabadiliko.

7. Panga hivi:

- Chupa A: balbu ya nyuzi, sentimita 30. Hapa ndipo pa kuanzia kwa bakteria wa zambarau. Wengi wao hufurahia luksi 500 hadi 1,000 za balbu ya aina hii.
- Chupa B: balbu hiyohiyo, sentimita 90. Hapa wa kijani wana nafasi nzuri. Luksi 50 hadi 200 zinawatosha.
- Chupa C: LED nyeupe, katika boksi lake, isogeze mpaka simu isome luksi 600 kama A.
- Chupa D: izungushie foili yote, iweke karibu na A. Ni shahidi wako wa giza.

Angalia A na C kwa makini. Simu inasema ni sawa, kwa sababu luksi hupima mwanga kwa kipimo cha jicho la binadamu, na infraredi haihesabiwi. Kwa hiyo luksi zitumie kulinganisha balbu moja kwa umbali tofauti, kamwe usilinganishe nazo balbu za aina mbili. Chupa C ipo kukuonyesha hilo kwa macho.

Ukitaka chupa ya tano, tumia taa ya infraredi ya kamera za ulinzi, ya nanomita 850. Nyingi zina kihisi kinachoziwasha gizani tu, kwa hiyo kibandike utepe mweusi. Kujua kama inawaka, ielekezee kamera ya mbele ya simu. Nyingi huiona kama mng'ao wa zambarau au mweupe. Usiikodolee macho kwa karibu, maana jicho haliwezi kukuonya. Chini ya taa hii mwani hauna chakula, ndiyo maana tunaipenda.

8. Linganisha joto. Lenga nyuzi 24 hadi 28 kwa chupa zote. Hapa ndipo nyanda za juu zinapoharibu majaribio: A iliyo karibu na balbu inakuwa na nyuzi 27, C ya LED iko nyuzi 14 usiku wa Julai, halafu mtu anaandika kwamba amepima mwanga. Fungia boksi la C kwa blanketi, au weka ndani yake chupa za maji ya moto jioni, au subiri Oktoba. Kama shida yako ni A kupata moto kupita nyuzi 30, simamisha mtungi mwembamba wa maji kati ya balbu na chupa. Maji humeza joto la infraredi ya mbali na kuipitisha nyingi ile ya nanomita 850.

9. Saa 16 za mwanga na 8 za giza kila siku zinatosha. Umeme ukikatika usihangaike. Gizani bakteria wa zambarau huishi kwa akiba waliyojiwekea, tena hurudisha sehemu ya salfa yao kuwa salfaidi. Andika tu saa zilizopotea.

10. Weka alama upande unaoangalia taa, na usizigeuze chupa. Makoloni hujitokeza upande wenye mwanga, na ukigeuza kila siku utapata ukungu wa rangi usiopimika.

Dirisha je? Linawezekana, ila jua letu la nyanda za juu ni kali. Mwanga wa moja kwa moja hufika luksi 100,000 na chupa huchemka. Kuanzia Mei hadi Agosti jua liko kaskazini, kwa hiyo tumia dirisha la kusini miezi hiyo. Desemba na Januari ni kinyume chake.

Kusoma matokeo

11. Wiki mbili za mwanzo usitegemee kitu. Kati ya wiki ya tatu na ya tano, madoa ya kutu au machungwa hutokea sehemu ya juu ya tope. Hao kwa kawaida ni bakteria wa zambarau wasio wa salfa. Wiki ya nne hadi ya nane, zambarau au wekundu wa divai hutokea chini yao, na chini zaidi, palipo na salfaidi nyingi, mkanda wa kijani kibichi au wa zeituni. Kwenye baridi, ongeza wiki tatu au nne.

12. Bandika plastiki angavu kwenye upande wa taa, chora mipaka ya kila rangi kila Ijumaa kwa kalamu, andika tarehe. Piga picha kwa mwanga uleule.

Rangi inadanganya. Bakteria wa zambarau wakiwa kwenye mwanga mdogo hutengeneza rangi nyingi zaidi kwa kila seli ili wasikose kidogo kilichopo. Doa dogo lenye rangi iliyokolea kwenye B halimaanishi wameota zaidi kuliko wa A waliopauka. Pima ukubwa wa eneo na siku lilipoanza kuonekana.

Kosa jingine tunaloliona sana: kuzungushia chupa karatasi za nailoni za zawadi, nyekundu, bluu na kijani, chini ya balbu ya nyuzi, kisha kutangaza kwamba rangi ya mwanga haina athari. Nailoni nyingi za rangi hupitisha infraredi kana kwamba hazipo. Chupa zote zilipata chakula kilekile. Jaribio hilo lifanye kwa LED za rangi, ambazo hazina infraredi ya kuvuja.

Kuwahamishia kwenye maji (kwa wenye maabara tu)

Tope ni zuri kwa macho, lakini ukitaka kulinganisha kasi ya kuota unahitaji kimiminika. Sodiamu salfaidi huunguza ngozi, na ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu. Glovu, miwani, kabati la kuvuta hewa. Kama hivyo havipo, ruka sehemu hii.

13. Chemsha lita 1 ya maji yaliyotoneshwa kwa dakika 10, yapoe yakiwa yamefunikwa. Yeyusha: potasiamu dihaidrojeni fosfeti gramu 0.34, amonia kloridi 0.34, potasiamu kloridi 0.34, magnesiamu salfeti (yenye maji 7) 0.5, kalsiamu kloridi (yenye maji 2) 0.25, sodiamu baikaboneti 1.5. Ongeza mililita 20 za maji ya chupa ya tope yaliyochujwa, kwa ajili ya madini madogomadogo. Mwisho kabisa, sodiamu salfaidi (yenye maji 9) gramu 0.4.

14. Rekebisha pH ifike 7.3 kwa wa zambarau, au 6.8 kwa wa kijani, kwa matone ya asidi hidrokloriki hafifu, chini ya kabati la kuvuta hewa. Mashapo machache meupe au meusi si tatizo.

15. Jaza chupa za mililita 100 zenye kifuniko cha kukaza. Kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba, vuta mililita 5 kutoka kwenye doa la zambarau na uzitie humo. Jaza mpaka ukingoni, ukiacha povu la hewa la ukubwa wa punje ya njegere ili joto lisivunje kioo.

16. Ziache gizani usiku mmoja, oksijeni iliyobaki iishe, kisha zipange kwenye umbali wa sentimita 20, 30, 60 na 90.

Kwanza maji yatakuwa meupe kama yametiwa maziwa kidogo: seli zimejaa salfa. Baadaye weupe unaondoka na wekundu unapanda, kwa kuwa salfa nayo inatumika mpaka kuwa salfeti. Salfaidi ikiisha, kuota kunasimama. Sugua kipande cha waya wa shaba king'ae, kidondoshee tone la maji ya chupa: kikiwa cheusi, salfaidi bado ipo.

Hapo ndipo hesabu ya mwanga huharibika. Chupa ya mwanga mdogo hatimaye hufikia wingi unaokaribia wa chupa ya mwanga mwingi, maana zote zilipewa salfaidi sawa. Ukizilinganisha baada ya mwezi, utaona hazina tofauti kubwa. Linganisha siku za mwanzo, kila siku saa ileile, na hesabu seli kwa hadubini, kwa sababu punje za salfa hutia ukungu na kukudanganya.

Ukiwa tayari kwenye hadubini, funga kiwambo cha mwanga mpaka libaki duara dogo, subiri dakika chache, kisha kifungue. Wale wanaoogelea watakuwa wamejazana pale palipokuwa na duara. Kila anayevuka kuingia gizani hushtuka na kurudi nyuma. Mjerumani Engelmann aliliona hili mwaka 1883, na bado linapendeza.

Mambo yakienda kombo

*Kijani juu ya maji, mapovu yanapanda.* Ni mwani. Zungushia foili sehemu ya maji tu, uache tope wazi. Ni kawaida kwa chupa C.

*Tope halikuwa jeusi baada ya wiki mbili.* Hakuna salfeti au hakuna cha kuozesha. Rudi kwenye jaribio la siki.

*Nyeusi tupu wiki ya nane.* Soma kipimajoto saa kumi na mbili asubuhi, siyo mchana. Kama ni chini ya nyuzi 15, ndiyo sababu. Kama joto ni zuri na harufu ni kali mno, salfaidi imezidi. Mwaga nusu ya maji ya juu, weka mapya, na safari ijayo punguza gazeti.

*Utando mweupe juu ya tope.* Ni bakteria wa salfa wasiotumia mwanga. Waache.

*Maji yote yamekuwa waridi.* Wasio wa salfa wametawala, salfaidi ni kidogo. Ongeza nusu kijiko cha jasi kwenye tope la chupa inayofuata.

*Kimiminika kimebaki cheupe wiki nzima.* Hewa imeingia na kugeuza salfaidi kuwa salfa bila msaada wa bakteria, au mwanga ni mdogo mno. Kaza kifuniko, sogeza chupa hadi sentimita 30.

*Zambarau iliota, sasa inapauka upande wa taa.* Mwanga umezidi au oksijeni imepenya. Rudisha chupa nyuma hadi sentimita 60 kwa wiki moja. Mara nyingi rangi hurudi kuanzia pembeni.